Usambara kwa miguu na baiskeli: anzia Bumbuli, si Lushoto

Wengi wanaopanga likizo ya kutembea na kuendesha baiskeli katika Milima ya Usambara hupanga kwa macho. Hufika Lushoto, huuliza wapi pana mandhari ya kupendeza, huandikiwa Irente leo na Mtae keshokutwa, kisha hurudi nyumbani na picha nzuri. Lakini vijiji vinavyopigwa picha hizo havikujengwa juu ya migongo ya milima kwa ajili ya mandhari. Kila kimoja kilikaa pale kwa sababu, na anayeijua sababu hiyo hupanga safari tofauti kabisa: huanzia upande mwingine wa wilaya, hutembea mahali ambapo wengine hupita kwa gari, na hulala vijijini ambako wageni wengi hawafiki.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika kitabu kizima juu ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974, alieleza kwamba Msambaa wa zamani aliishi kati ya nchi mbili. Juu ni Shambaai, nchi ya mvua, ubaridi na migomba. Chini ni nyika, nchi ya jua kali, yenye mvua haba na mawindo tele. Kulala nyikani kulikuwa na hatari ya homa na ya wavamizi. Kulala katikati kabisa ya milima nako kulimweka mtu mbali na mashamba ya chini, ambayo yangeweza kumwokoa mazao ya juu yakikosa. Kwa hiyo watu wakajenga ukingoni. Asubuhi waliweza kushuka nyikani kulima, jioni wakapanda kulala nyumbani penye hewa safi na migomba mlangoni. Vijia vya miguu vinavyotelemka gengeni moja kwa moja, bila kuzungukazunguka kama barabara ya gari, vinafuata desturi hiyo ya zamani. Mguu hufika mahali ambapo gurudumu halifiki, na ndiyo maana safari hii inataka vyote viwili.

Basi safari ianzie Bumbuli. Masimulizi ya Wakilindi, ukoo uliotawala milima hii tangu karne ya 18, yanaanza na mwindaji aitwaye Mbegha, kutoka Nguu. Aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, mtoto wa mkosi ambaye kwa desturi hakustahili kuishi. Wazazi wake wakamficha. Alipokua, ndugu wakamnyima urithi, akahama na mbwa wake wa kuwindia hadi kwa watu wa Kilindi, na huko nako balaa ikamfuata: mtoto wa mtawala aliuawa na nguruwe walipokuwa mawindoni pamoja. Akakimbilia Usambara. Hapo masimulizi yanabadilika. Mtu aliyekuwa mkosi kwao akawa neema ugenini, kwa kuwa aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akapokea kwao chakula cha shambani, na akawaamulia mashauri yao. Watu wa Vuga walipomwita, aliua simba, wakampa jina la Simba Mwene, na jina hilo likawa la wafalme wote waliomfuata.

Ni faida kubwa kwetu kwamba habari hizi zipo kwa Kiswahili, tena Kiswahili kizuri. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyekaa na watawala wa Kilindi katika karne ya 19, alikusanya yale aliyoyasikia katika *Habari za Wakilindi*, kazi iliyochapwa kwa mara ya kwanza na misheni ya Magila na kurudiwa mwaka 1962. Ukipata nakala, itie begani kabla ya kamera. Sisemi kila kilichomo ni tukio lililotokea hivyo hivyo. Masimulizi ya asili ya ukoo unaotawala husimuliwa ili utawala wake ukubalike. Hata hivyo kitabu kinawaonyesha watu wakitaka nini kwa mfalme: nyama, hukumu ya haki na mvua.

Bumbuli inaingia hapa kwa sababu Buge, mwana wa Mbegha, alikuwa mtawala wa hapo. Mbegha alipofariki, wazee wa Vuga walificha kifo chake, wakatuma watu Bumbuli usiku, na Buge akaingizwa mji mkuu gizani, ili kulipokucha nchi imkute mfalme ameshakaa. Tangu hapo mrithi kutoka Bumbuli na kuingia Vuga usiku ikawa sehemu ya kutawazwa. Kulipopambazuka watu walikusanyika kumshangilia, na katikati ya shangwe walimwambia waziwazi kwamba yeye ni mfalme wao, lakini asipowatendea mema watamwondoa. Natamani wanafunzi wetu wa uraia wasomeshwe hilo, maana ni somo la uongozi lililozaliwa hapa hapa.

Sehemu hii ya Bumbuli hadi Vuga itembewe kwa miguu, mchana, na mwenyeji anayejua vijia. Baiskeli itangulizwe Soni. Utapanda na kushuka mabonde, utavuka vijito, na kwa muda mrefu utakuwa chini ya migomba, mahali ambapo mtu wa mbele yako humwoni bali unasikia tu majani makavu yakikanyagwa. Ardhi ni nyekundu na ikinyesha huteleza vibaya sana. Masika ya Machi hadi Mei si wakati wa safari hii. Juni hadi Septemba vijia ni vikavu, ila Julai chukua sweta nzito.

Vuga yenyewe usiitarajie kuwa na ngome wala makumbusho. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa makao ya Kimweri ye Nyumbai, ambaye amri yake ilishuka milimani hadi karibu na pwani, na ambaye aliwagawia wanawe vilima vya kutawala, kila mmoja na kijiji chake. Mmisionari Krapf alifika mwaka 1848, akarudi 1852. Mwaka 1857 walikuja wavumbuzi Burton na Speke kutoka Pangani. Burton aliuona mji wa vibanda kama 500, akakuta Kimweri amezeeka, amekonda, anaumwa, na jambo alilolitaka kwa wageni wake ni dawa ya kumrudishia nguvu. Hawakuwa nayo. Alifariki 1862, na kwa maoni yangu hakuna kifo kilichoibadilisha milima hii kuliko hicho.

Kutoka Vuga unashuka Soni, kwenye maporomoko ya maji, unachukua baiskeli na kuingia barabara ya lami inayotoka Mombo kwenda Lushoto. Barabara yote ni kilomita 33 na inapanda mita zipatazo 1,000. Kipande cha Soni hadi Lushoto kinawezekana kwa mtu wa mazoezi ya kawaida. Kushuka ndiko kwenye hatari kuliko kupanda: kona ni kali, malori ya mboga yanakuja, na anayekamata breki bila kuachia hupasha rimu moto mpaka mpira wa breki unaanza kunuka. Kamata, achia, kamata tena. Beba mpira wa ndani wa akiba, pampu, viraka na spana, kwa sababu ukipita Lushoto maduka ya vipuri vya baiskeli za gia ni ya kubahatisha.

Lushoto ni mji wa juzi tu ukilinganisha na Vuga. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na waliupenda kwa ubaridi wake. Reli waliyoanza kuijenga Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo 1905, na tangu hapo mlima ukatazama reli badala ya kutazama Vuga. Ndiyo sababu leo kila mgeni huanzia Lushoto, na ndiyo sababu nasema asianzie hapo.

Irente ni matembezi mafupi kutoka mjini. Simama kwenye mwamba na utazame chini: yale mashamba ya mkonge na ule mji ni Mazinde. Semboja, mwana wa Kimweri, aliweka makao yake pale chini, katika njia ya misafara ya Pangani. Hakulitaka genge lililowalinda baba zake. Alitaka biashara ya pembe, watumwa na bunduki. Kimweri alipokufa na mjukuu wake Shekulwavu akakalia kiti, Semboja mwenye bunduki alipigana naye na Vuga ikachomwa. Wabondei, majirani waliokuwa chini ya Vuga, wakaasi. Miaka mingi ya vita ikafuata, na Wasambaa wengi wakauzwa. Kwa hiyo ule mwamba wa Irente ni mahali pa kuelewea jinsi nguvu ilivyoteremka kutoka kilimani hadi nyikani, na mlima ukaliwa na watu wake wenyewe. Wajerumani walikuta ufalme uliochoka. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, na waliomfuata walitawala chini ya bendera ya wengine.

Kutoka Lushoto, njia ya Mtae ni kama kilomita 60, nyingi zikiwa za udongo. Inapita msitu wa Magamba, ambako kibali cha kuingia hifadhini hukatwa Lushoto kabla ya kuondoka, kisha Lukozi na mabonde yaliyojaa kabichi, karoti na viazi. Wambugu, wafugaji wenye lugha yao, wamekaa pande hizi za juu kwa karne nyingi. Rangwi, penye masista wa Kikatoliki, wasafiri wa miguu wamezoea kulala.

Usiikose Mlalo, ingawa unapaswa kuchepuka. Wamisionari wa Kilutheri wa Kijerumani walijenga hapo mwaka 1891, na nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao bado zinautofautisha mji huu na mingine ya mlimani. Lakini mimi ningekwenda kwa ajili ya miteremko. Mwaka 1946 Waingereza walianza hapa mpango wa kuwalazimisha wakulima kupiga matuta ili kuzuia mmomonyoko. Udongo ulikuwa unaondoka kweli, hilo halibishaniwi. Lakini kazi ilikuwa nzito, mashamba ni madogo, na watu walihofia kunyang'anywa ardhi yao. Walikataa, wakapigwa faini, wakaendelea kukataa, na wengi wakajiunga na TANU. Mwaka 1957 mpango ukaachwa. Wakulima wa kilimani, wale wale ambao mababu zao walimwambia mfalme usoni kwamba wanaweza kumwondoa, walikuwa wameishinda serikali.

Mtae iwe ya mwisho. Imekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, nyumba zimepangana kufuata ukingo, na huku na huku ardhi inakatika. Chini ni nyika ya Mkomazi, mbele ni Milima ya Upare, na anga ikitakata Kilimanjaro huonekana. Mtawala wa Kilindi aliyewekwa hapa aliona kila moshi nyikani kabla mwenye moshi hajamwona yeye.

Jambo moja nakuomba, msomaji. Ukifika Vuga au Bumbuli, pitia kwanza ofisi ya kijiji na uombe kuonana na wazee, usikimbilie kuuliza makaburi ya wafalme yako wapi. Machifu walifutwa kisheria mwaka 1963, lakini koo zipo, na sehemu wanazoziheshimu si vivutio vya kupigia picha. Mlipe anayekuongoza, kula na ulale kijijini, ununue peasi na plamu zao. Vuga haina hoteli ya kifahari wala bango la barabarani la kuielekeza, na itabaki hivyo mpaka wasafiri waanze kuiulizia.