Udongo Uliosahauliwa: Mfereji wa Jonglei na Malisho ya Toic

Oktoba 1974 wakazi wa Juba waliandamana kuupinga Mfereji wa Jonglei, na damu ikamwagika. Uchimbaji ulianza 1978, lengo likiwa kilomita 360 kutoka Bor hadi karibu na Malakal. Vita viliusimamisha 1984, takriban theluthi mbili zikiwa zimechimbwa. Wapangaji walihesabu maji “yanayopotea” kwa mvukizo katika Sudd. Makala hii inadai kwamba neno hilo ndilo lililopotosha mjadala.

Udongo wa toic, yaani malisho ya bonde la mafuriko, ni mfinyanzi mweusi: kiangazi hupasuka nyufa, ukilowa huvimba na kuzifumba. Majani makavu na samadi hudumbukia nyufani, hivyo ardhi hujigeuza yenyewe pasipo jembe. Maji yakituama, hewa hupungua na uozaji hulegea. Yakipwa, bakteria na kuvu huamka, na nyasi huchipua kwa unyevu uliobaki hali mvua imekwisha kukatika. Ng’ombe wa Wadinka na Wanuer huishi kwa unyevu huo.

Mwaka 2022 hoja ya kuufufua mfereji ilirudi Juba. Wanasayansi wa udongo, kwa maoni yetu, walistahili kusikilizwa kabla ya wahandisi.