Vipandikizi vya mifupa vya metali

Vipandikizi vya mifupa vya metali ni mabamba, skrubu, misumari, nyaya na viungo bandia vinavyowekwa mwilini kwa upasuaji. Kazi yake ni kushikilia mfupa uliovunjika hadi uunge, au kuchukua nafasi ya kiungo kilichoharibika. Nchini Tanzania watu wengi huviita "vyuma" tu.

Metali inayofaa kwa kazi hiyo ni lazima itimize masharti mawili: isilike kwa urahisi ndani ya mwili, na isiudhuru mwili unaoipokea. Masharti hayo yanahusiana, kwa kuwa kile kinacholika kwenye metali hakipotei, bali huingia katika tishu na damu ya mgonjwa.

Mazingira ya mwili

Ndani ya mwili kuna joto la nyuzi 37 za Selsiasi, oksijeni, na majimaji yenye chumvi kiasi cha gramu 9 kwa lita, kama yale ya dripu ya chumvi. Ioni za kloridi zilizomo katika chumvi hushambulia metali nyingi. Baada ya ajali au upasuaji, sehemu yenye uvimbe huwa na asidi zaidi kwa muda, na hali hiyo huongeza ulikaji. Msumari wa seremala ungeshika kutu humo mapema.

Utando wa oksidi

Metali za vipandikizi hazilindwi kwa kupakwa rangi. Kromi au titani iliyomo huungana na oksijeni na kufanya utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Utando huo huzuia majimaji yasiifikie metali. Ukikwaruzwa, hujijenga upya mara moja mradi oksijeni ipo.

Ulikaji hutokea pale utando unapovunjwa mara kwa mara au unapokosa oksijeni:

- Katika nafasi nyembamba, hasa chini ya kichwa cha skrubu kwenye tundu la bamba, oksijeni hupungua na kloridi hujikusanya.
- Vipande viwili vinaposuguana kidogo kidogo, utando hukwanguliwa kila mgonjwa anapopiga hatua.
- Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya majimaji yenye chumvi huwa kama betri, na ile dhaifu hulika zaidi. Kwa sababu hiyo kwa kawaida bamba na skrubu zake hutoka katika metali ya aina moja.
- Mzigo unaojirudia huanzisha ufa mdogo, na majimaji huuongeza hadi chuma kukatika.

Kipandikizi kilichotolewa kwa mgonjwa mmoja hakitumiki kwa mwingine, kwani mikwaruzo na nyufa zake huenda zisionekane kwa macho.

Metali zinazotumika

Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316L kina kromi, nikeli na molibdeni, na kaboni isiyozidi asilimia 0.03. Ni imara na bei yake ni nafuu, hivyo hutumika sana kwa mabamba na misumari.

Titani na aloi zake hustahimili kloridi vizuri zaidi. Aloi inayojulikana sana ina alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aligundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa huweza kushikamana moja kwa moja na titani.

Aloi ya kobalti na kromi ni ngumu na haichakai upesi, hivyo hutumika katika viungo bandia vya nyonga na goti.

Dhahabu, inayochimbwa Geita na Kahama, haishiki kutu kabisa. Hata hivyo ni laini mno kubeba uzito wa mtu, ni ghali, na ina uzito wa gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati titani ina 4.5. Kutolika peke yake hakutoshi.

Mwili unavyopokea metali

Baadhi ya watu wana mzio wa nikeli. Chembe za metali zinazotokana na msuguano huweza kutia tishu weusi, kuleta uvimbe na kulegeza kiungo bandia. Mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni duniani kote nyonga zake za ASR, baada ya wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa kuhitaji upasuaji wa marudio. Nyonga hizo zilikuwa na metali inayosuguana na metali.

Usaha si dalili ya kutu. Hutokana na bakteria wanaojishikiza juu ya kipandikizi, mahali ambapo dawa huwafikia kwa shida. Anayetokwa na usaha, au anayepata maumivu mapya, anapaswa kurudi hospitali hata kama jeraha lilikwisha kufunga.

Huduma nchini Tanzania

Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Katika Kanda ya Ziwa, mgonjwa kutoka Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, au kutoka migodi ya Geita anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971.

MOI imetumia misumari ya shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle. Misumari hiyo ni ya chuma kisichoshika kutu, na huweza kufungwa kwa skrubu bila mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji.

Ufuatiliaji

Kipandikizi cha mvunjiko hakichukui nafasi ya mfupa daima. Mfupa usipounga, chuma huendelea kubeba mzigo wote na mwishowe huweza kukatika. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asikanyagie mguu kabla ya wakati. Mfupa ukishaunga, si lazima kila chuma kitolewe. Uamuzi ni wa daktari na mgonjwa.

Aliyetibiwa mbali na kwao anafaa kutunza karatasi ya hospitali inayotaja aina ya kipandikizi na metali yake. Daktari mwingine huihitaji ili kuchagua bisibisi inayolingana na skrubu, kuepuka kuchanganya metali, na kujua kama kipimo cha MRI ni salama.