Kibali kama Ahadi: Historia ya Ombi la Kumwaga Makapi ya Kiwanda katika Ziwa Superior, 1947–1980

Utangulizi

Mwaka 1947 kampuni ya Reserve Mining iliiomba serikali ya jimbo la Minnesota, nchini Marekani, kibali cha kumwaga makapi ya kiwanda katika Ziwa Superior. Kiwanda chenyewe kilikuwa bado hakijajengwa. Ombi lilijadiliwa katika vikao vya wazi, wapinzani wakasikilizwa, na kabla ya mwaka huo kwisha kibali kikatolewa. Miaka 27 baadaye, tarehe 20 Aprili 1974, jaji wa mahakama ya shirikisho aliamuru kiwanda hicho kifungwe. Hata hivyo, makapi hayakuacha kuingia ziwani hadi mwaka 1980.

Aghalabu mkasa huu husimuliwa kama mapambano baina ya kampuni yenye nguvu na jaji aliyejitoa mhanga. Makala haya yanaufuata kwa njia nyingine, yaani kwa kuichunguza hati iliyouanzisha. Hoja kuu ni kwamba kosa la 1947 halikuwa ukosefu wa sheria wala kunyimwa umma nafasi ya kusema. Kosa lilikuwa kwamba serikali iliupokea utabiri wa mwombaji, ikaugeuza kuwa idhini, kisha haikupanga siku ya kuupima utabiri huo dhidi ya mambo yaliyotokea. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha uliwaangukia waliodhurika.

Usuli wa ombi

Safu ya Mesabi, kaskazini mwa Minnesota, ilikuwa chimbuko la sehemu kubwa ya madini ya chuma yaliyotumiwa na viwanda vya Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Vita Kuu ya Pili vilipokwisha, madini yenye kiwango kikubwa cha chuma yalikuwa yamepungua sana. Yaliyobaki kwa wingi ni takonaiti, mwamba mgumu wenye chembe ndogondogo za chuma. E. W. Davis wa Chuo Kikuu cha Minnesota alitumia miaka mingi kutafuta njia ya kuusaga mwamba huo, kuzinasa chembe za chuma kwa sumaku na kuzifinyanga kuwa vidonge vinavyofaa kwa tanuri.

Njia hiyo ilikuwa na gharama mbili kubwa. Kwanza, ilihitaji maji mengi mno. Pili, katika kila tani tatu za mwamba uliosagwa, takriban tani moja tu iligeuka kuwa vidonge na tani mbili zilizosalia zilikuwa makapi laini kama unga. Reserve Mining ilipanga kuchimba mwamba huko Babbitt na kuusafirisha kwa reli hadi ufukweni, mahali palipokuja kuitwa Silver Bay. Ziwa lingetoa maji, na ziwa hilohilo lingepokea makapi. Kwa mantiki hiyo, ombi la kibali halikuwa jambo la pembeni katika mradi. Mahali pa kujenga kiwanda palichaguliwa kwa kudhani kwamba kibali kingepatikana.

Ombi na majibu yake

Mwombaji alilazimika kupita katika milango mitatu. Idara ya Uhifadhi ya jimbo ilisimamia matumizi ya maji. Tume ya Kudhibiti Uchafuzi wa Maji, iliyoanzishwa mwaka 1945 na ambayo kwa hiyo ilikuwa bado changa, ilisimamia usafi wake. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kiliwakilisha serikali ya shirikisho chini ya sheria ya mito na bandari ya 1899. Sheria hiyo ilikataza kutupa taka katika maji yanayopitika kwa vyombo bila ruhusa, lakini kwa miongo mingi Kikosi kiliitazama kama chombo cha kulinda njia za meli. Kila mlango ulikuwa na swali lake: maji kiasi gani, uchafu wa namna gani, na je, meli zitapita?

Katika vikao vya mwaka 1947 hoja ya kampuni ilisimama juu ya elimu ya mwendo wa maji. Mbele ya Silver Bay sakafu ya ziwa inashuka ghafla hadi kwenye bonde lenye kina cha zaidi ya mita 270. Wataalamu wa kampuni walieleza kwamba maji yaliyobeba makapi, kwa kuwa ni mazito kuliko maji ya ziwa, yangeteremka kama mkondo mmoja hadi bondeni na kutulia huko daima. Wavuvi na vyama vya wapenda uvuvi hawakuridhika na maelezo hayo. Walihofia mazalio ya samaki na weupe wa maji ya ziwa. Upande wa pili, watu wa maeneo ya migodi waliona katika mradi huo tumaini la ajira wakati machimbo ya zamani yakielekea kwisha.

Haifai kuwahukumu maofisa wa 1947 kwa maarifa ya 1973. Hoja ya mkondo mzito ilikuwa ya kisayansi na haikuwa ya hila. Sehemu kubwa ya makapi kwa kweli ilitua chini. Aidha, masharti waliyoyaandika hayakuwa dhaifu yakisomwa peke yake. Kibali kilichotolewa Desemba 1947 kiliainisha eneo la maili za mraba 9 hivi mbele ya kiwanda. Nje ya eneo hilo makapi hayakupaswa kuyatia maji ukungu unaoonekana, wala kuleta madhara makubwa kwa samaki au kwa maji ya kunywa ya umma. Kibali cha Kikosi cha Wahandisi kilifuata mwaka 1948.

Udhaifu ulikuwa katika yale ambayo masharti hayo hayakuyasema. Hayakuweka kipimo cha namba ambacho mtu angeweza kukipima ziwani na kusema kimevukwa au hakikuvukwa. Neno “makubwa” katika “madhara makubwa” liliachwa lifafanuliwe siku ya ugomvi. Zaidi ya hayo, ujuzi wote kuhusu tabia ya makapi ulitoka kwa mwombaji. Tume changa haikuwa na mbinu wala fedha za kuufuatilia mwamba uliosagwa hadi chini ya ziwa lenye kina kirefu kiasi hicho.

Kibali kazini

Kiwanda kilianza kazi mwaka 1955, na mji wa Silver Bay ukajengwa kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kibali cha awali kiliruhusu matumizi ya galoni 130,000 za maji kwa dakika. Kwa marekebisho yaliyofuata kampuni iliongezewa kiasi hicho, na kufikia mwaka 1960 ruhusa ilikuwa galoni 502,000 kwa dakika. Makapi nayo yalifikia takriban tani 67,000 kwa siku.

Marekebisho hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Yanaonyesha kwamba kibali hakikuwa hati iliyosahauliwa kabatini. Kiliweza kurudi mezani, na kilirudi. Lakini kilirudi mwenye nacho alipotaka zaidi. Hapakuwa na utaratibu uliokirudisha kwa sababu muda wake umekwisha, ili mwombaji aulizwe upya: ulituambia makapi yatatulia bondeni, je, yametulia? Wakati huohuo watu wa ufuko wa kaskazini walianza kuona mabaka ya maji ya kijani kibichi mbali na kiwanda. Kampuni ilisema rangi hiyo ina sababu za asili. Waliolalamika walitakiwa walete ushahidi wa kisayansi, nao hawakuwa na maabara.

Mwishoni mwa mwaka 1968 kikundi cha wataalamu wa serikali ya shirikisho, chini ya Charles Stoddard wa Wizara ya Mambo ya Ndani, kilihitimisha kwamba makapi yalikuwa yakisambaa nje ya eneo lililoruhusiwa. Mei 1969 mkutano wa utekelezaji wa sheria ya maji ulifunguliwa mjini Duluth. Mazungumzo yalirefuka bila ufumbuzi, na Februari 1972 serikali ya Marekani ikaishtaki kampuni.

Swali ambalo halikuulizwa

Shauri lilikuwa bado halijaanza kusikilizwa wakati Shirika la Ulinzi wa Mazingira lilipotangaza, Juni 1973, kwamba maji ya kunywa ya Duluth yalikuwa na nyuzi zinazofanana na asbesto. Duluth ulikuwa mji wa takriban watu 100,000, uliojivunia kunywa maji ya ziwa bila kuyachuja. Tangu siku hiyo suala la samaki na ukungu wa maji likageuka suala la saratani. Hakuna kikao cha 1947 kilichouliza habari za nyuzi, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na sababu ya kuuliza.

Jaji Miles Lord alianza kusikiliza shauri Agosti 1973. Mashahidi walibishana kama nyuzi za Silver Bay ni sawa na asbesto iliyowadhuru wafanyakazi wa viwanda vingine, na kama kuzinywa ni hatari kama kuzivuta kwa pumzi. Kampuni ilishikilia kwamba hapakuwa na njia mbadala ya nchi kavu inayowezekana. Baadaye ilibainika kuwa ilikuwa na michoro ya njia hiyo na haikuitoa ilipotakiwa. Aprili 1974 Jaji Lord aliamuru umwagaji usitishwe mara moja. Zaidi ya watu 3,000 walikuwa wakifanya kazi katika mgodi na kiwanda.

Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Nane iliisimamisha amri hiyo, na wafanyakazi wakarudi kazini. Uchunguzi wa tishu za marehemu waliokuwa wakazi wa Duluth haukuwa umethibitisha kwamba nyuzi zimejikusanya miilini mwao. Katika hukumu ya Machi 1975 mahakama hiyo ilikubali kwamba hatari ipo na kwamba umwagaji lazima ukome, lakini ikaona kwamba madhara yenyewe hayajathibitishwa. Hivyo ikaipa kampuni muda wa kutosha kuhamia nchi kavu. Januari 1976 Jaji Lord aliondolewa katika shauri. Mrithi wake, Jaji Edward Devitt, aliitoza kampuni faini na adhabu zilizozidi jumla ya dola milioni 1 kwa kukiuka vibali vya jimbo na kwa kutotoa nyaraka.

Hukumu hiyo ya mwisho ina maana ya pekee kwa hoja ya makala haya. Ilithibitisha kwamba masharti ya 1947 yalikuwa na meno tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu, na siku iliyowekwa, ya kuyatumia.

Ombi la pili

Kuhamia nchi kavu kulihitaji kibali kingine. Kampuni iliomba kujenga bwawa la makapi mahali panapoitwa Mile Post 7. Mamlaka za jimbo zilikataa zikipendelea mahali pa mbali zaidi, hadi Mahakama Kuu ya Minnesota ilipoamuru mwaka 1977 kibali kitolewe. Mwaka 1980 umwagaji ziwani ulikoma.

Kati ya ombi la kwanza na la pili sheria yenyewe ilikuwa imebadilika. Jitihada ya mwaka 1970 ya kuifanya sheria ya 1899 kuwa msingi wa vibali vya viwandani ilikwama mahakamani mwishoni mwa 1971. Ndipo Oktoba 1972 Bunge la Marekani lilipopitisha marekebisho makubwa ya sheria ya uchafuzi wa maji. Chini yake kumwaga kutoka katika chanzo mahususi bila kibali ni kosa. Kibali huwekewa viwango, mwenye kibali hupaswa kupima na kutoa taarifa ya anachomwaga, umma hupewa nafasi ya kutoa maoni, na muda wa kibali hauzidi miaka 5. Wasomi wengi hutilia mkazo viwango. Kwa mtazamo wa historia hii, ukomo wa muda ni badiliko lenye uzito usio mdogo, maana humfanya mwenye kibali awe mwombaji tena, na humrudishia yeye kazi ya kueleza kilichotokea.

Hitimisho

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki historia hii haiko mbali. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 zilimtaka, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka, mwenye kiwanda awe na kibali kabla ya kutiririsha majitaka. Mtafiti atakayefungua majalada ya maombi hayo hatakosa kukuta maelezo ya mwombaji kuhusu mahali taka zake zitakakoishia. Uzoefu wa Ziwa Superior unamshauri asiishie hapo. Autafute ukurasa unaofuata, ule wa kupima kama ilivyoahidiwa ndivyo ilivyokuwa. Katika jalada la Silver Bay ukurasa huo uliandikwa na mahakama, kwa kuchelewa na kwa gharama ya watu wawili ambao hawakuliandika ombi la 1947: mnywaji wa maji wa Duluth na mfanyakazi wa kiwanda aliyeamka asubuhi moja akakuta lango limefungwa.