Betri ya Gari la Kuchezea na Gharama Isiyoandikwa

Wanaoandika historia ya nishati hupenda mambo makubwa: mabwawa, reli, migodi ya makaa ya mawe na mabomba ya mafuta. Katika makala hii nachagua jambo dogo kwa makusudi. Nataka tulitazame gari la kuchezea linaloongozwa kwa redio, na swali ambalo kila mwenye gari hilo hulazimika kulijibu: liendeshwe kwa nguvu gani? Hoja yangu ni kwamba swali hili limekuwa likiamuliwa na anayeshika rimoti, ilhali sehemu ya gharama hulipwa na mtu ambaye hajapata kuliona gari lenyewe.

Tuanze na chimbuko. Chombo maarufu cha kwanza kuongozwa kwa redio hadharani kilikuwa mashua. Nikola Tesla aliionyesha jijini New York mwaka 1898, ikiendeshwa kwa betri zilizofungwa ndani yake. Betri za risasi na asidi za zama hizo zilikuwa nzito. Majini uzito huo hubebwa na maji. Nchi kavu hubebwa na mota, nayo huchoka mapema. Ndiyo sababu mojawapo gari dogo lilichelewa. Mwaka 1966 kampuni ya Elettronica Giocattoli ya Reggio Emilia, Italia, ilitoa gari la umeme lenye umbo la Ferrari 250 LM, ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza la aina hii kuuzwa madukani.

Baadaye zikaja injini ndogo zinazochoma mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha. Zilikuwa na kelele na moshi, zikadai fundi mvumilivu, lakini tanki tupu lilijazwa mara moja na mchezo ukaendelea. Betri haikuweza kushindana na hilo mpaka ilipopatikana iliyo bora zaidi. Mwaka 1976 Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la umeme la Porsche 934, na katika miaka iliyofuata betri ya nikeli na kadimi, iliyobuniwa na Msweden Waldemar Jungner mwaka 1899, ikawa kipimo cha mchezo: seli sita za volti 1.2, jumla volti 7.2. Ilitoa mkondo mkubwa wa umeme, ikachajiwa haraka, ikastahimili matumizi ya watoto.

Hapa ndipo swali la gharama linapojitokeza. Kadimi ni sumu. Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikiri kwamba ugonjwa uliokuwa ukilemaza mifupa ya wakazi wa bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama, ulitokana na kadimi iliyotiririka kutoka mgodi wa Kamioka. Wagonjwa walilia kwa maumivu, na kilio hicho, “itai-itai”, yaani “inauma, inauma”, kikawa jina la ugonjwa. Gari la kuchezea halikuusababisha. Lakini msiba huo uliufundisha ulimwengu kwamba metali hiyo haina makazi salama katika maji wala udongo, na mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la kuibana katika betri nyingi za kubebeka. Wachezaji wakahamia betri za nikeli na hidridi ya metali. Volti za seli zilibaki 1.2, kwa hiyo betri mpya iliingia katika nafasi ya ile ya zamani bila gari kubadilishwa.

Kisha ikaja lithiamu. Stanley Whittingham aliianza kazi hiyo Exxon katika miaka ya 1970. John Goodenough, akiwa Oxford, alionyesha mwaka 1980 kwamba oksidi ya kobalti huhifadhi lithiamu vizuri. Akira Yoshino akaunda betri iliyo salama zaidi mwaka 1985. Sony ikaiuza mwaka 1991. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Mtoto wa teknolojia hiyo, betri ya lithiamu polima, ndiyo inayotawala mashindano ya magari haya leo. Seli mbili za volti 3.7 hutoa volti 7.4 kwa uzito mdogo, ingawa ikitobolewa au ikichajiwa kupita kiasi huweza kulipuka moto.

Na kobalti yatoka wapi? Sehemu kubwa ya ile inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mgodini. Kandokando ya Kolwezi wachimbaji wadogo hushuka mashimoni kwa kamba na sururu, na ushiriki wa watoto katika kazi hiyo umethibitishwa mara nyingi. Usafishaji mwingi hufanyika China. Mwezi Februari 2025, bei ilipoporomoka, serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi. Mwenye mali alilazimika kuifungia ghalani ili ipate thamani.

Si kwamba njia nyingine haipo. Betri ya lithiamu na fosfati ya chuma haitumii kobalti hata chembe, hudumu muda mrefu na hustahimili joto. Kasoro yake ni volti 3.2 kwa seli na umeme mchache kwa uzito uleule. Kwa mshindani, sekunde chache huamua. Kwa mtoto anayecheza uani, tofauti hiyo haina maana. Basi uchaguzi upo, nao ni wa kimaadili kama ulivyo wa kiufundi.

Nawaandikia pia watumishi wa umma. Kabanga, wilayani Ngara, kuna nikeli na kobalti ardhini. Historia niliyoieleza inatutaka tuulize, kabla ya tani ya kwanza kuondoka, nani atapima maji ya mito, nani atasafisha madini hayo na wapi, na mikataba itasomwa na nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kweli huandika uzito wa madini, na huandika pia afya ya waliyoyachimba.