Povu la Mjomba

Mwaka 1983 nilikuwa kijana wa miaka 21, mwalimu mpya wa shule ya msingi, na ndevu zilikuwa zimeanza kunitesa. Wanaoukumbuka mwaka ule hawahitaji kusimuliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni hazikupatikana. Sabuni iligeuka kuwa lulu. Tulipanga foleni alfajiri mbele ya duka la ushirika, na mwenye bahati alirudi nyumbani na kipande cha sabuni ya mche. Mwaka huo huo Waziri Mkuu, Edward Sokoine, aliongoza kampeni dhidi ya walanguzi, na wapo waliotupa mali yao usiku kwa kuogopa kukutwa nayo.

Katika hali hiyo, nani angethubutu kuulizia krimu ya kunyolea ndevu? Mimi nilinyoa kwa maji baridi na wembe niliokwisha kuutumia wiki tatu. Shingo yangu ikajaa vipele, vingine vikatunga usaha. Nilitamani kuziacha ndevu ziote, lakini mkuu wetu wa shule hakutaka kumwona mwalimu mwenye ndevu. Nikawa nafundisha huku nimeinamisha kidevu, kwa kuwa watoto wa darasa la tatu hawana siri: kitu wakikiona hukisema.

Wakati wa likizo nilikwenda Tanga kumwamkia mjomba wangu, baharia mstaafu aliyekuwa akiishi Ngamiani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Shingo hiyo imeliwa na nini?"

Nilipomweleza alicheka, kisha akaniita uani. Alikuwa na kikombe cha bati, brashi ya kunyolea aliyoinunua bandarini Marseille enzi za safari zake, na mkebe wa masalia ya sabuni. Vile vipande vyembamba vya sabuni ya kuogea ambavyo watu wengine huviacha viyeyuke bafuni, yeye aliviweka akiba. Aliviparuza kwa kisu, akaviyeyusha katika maji kidogo ya moto, akatia matone machache ya gliserini ya duka la dawa, akaviacha vipoe mpaka vikawa kama uji mzito. Hiyo ndiyo iliyokuwa krimu yake.

Lakini hakuanza na krimu. Alinifunika uso kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, akaniambia nikae nacho mpaka amalize kunisimulia habari ya dhoruba fulani. Kisha akanipaka mafuta ya nazi kidogo sana, akakoroga povu kwa brashi, akalizungusha mashavuni na shingoni. Akanionya nisiuvute ngozi, nisinyoe kinyume cha ndevu zinavyoota, na nisitafute kidevu cha kung'aa. Mwishowe alinipaka shabu iliyoloweshwa maji. Baada ya mwezi mmoja wa kunyoa hivyo, shingo yangu ilikuwa imetulia.

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za vitu vidogo vya nyumbani, ndipo nilipoelewa sababu. Udevu mkavu ni mgumu. Ukilowa maji ya moto kwa dakika mbili au tatu hufura na kulainika, na wembe huupita bila kuulazimisha. Kazi ya povu ni kuyashikilia maji hayo yasikauke, na kuufanya wembe uteleze. Nasi wenye ndevu za kujikunja tuna shida ya ziada: udevu uliokatwa chini mno hujipinda na kurudi ndani ya ngozi, na hapo ndipo vipele vinapozaliwa.

Nilijifunza pia kwamba mabaharia wa zamani walipenda sabuni ya mafuta ya nazi kwa sababu hutoa povu hata katika maji ya chumvi. Kasoro yake ni kwamba povu lake hufifia upesi. Ndiyo maana watengenezaji wa sabuni za kunyolea huyachanganya mafuta ya nazi na mafuta mazito, kama ya wanyama au ya mawese, ili povu lidumu, na huongeza gliserini ili lisikauke. Katika karne ya 19 makampuni ya Marseille, miongoni mwao Vidal na Rabaud, yalikuja Unguja na pwani yetu kununua ufuta na mbata, na mafuta yake yakaenda kupikwa sabuni. Kwa hiyo krimu hiyo si ngeni kwetu kama tulivyodhani. Tuliiuza ikiwa mbata, kisha tukapanga foleni kuingoja irudi ikiwa sabuni.

Huko Marekani mambo yalikwenda mbio. King Camp Gillette alipata hataza ya kifaa chake cha kunyolea chenye wembe wa kutupa mwaka 1904, baada ya kuuza vifaa 51 tu mwaka 1903. Vita vya Kwanza vya Dunia vikamfungulia soko, kwani mamilioni ya askari walipewa vifaa hivyo na wakarudi navyo makwao. Mtu akishanyoa mwenyewe kila asubuhi, anatafuta namna ya kufanya upesi. Mwaka 1919 Frank Shields, mkemia wa Indianapolis, akatoa Barbasol, krimu isiyohitaji brashi. Burma-Shave ikafuata mwaka 1925. Kisha, wakati wa Vita vya Pili, wataalamu wa wizara ya kilimo ya Marekani wakatengeneza kopo la kupulizia dawa ya mbu, ili kuwakinga askari na malaria. Vita vilipokwisha, kopo la namna hiyo likatiwa sabuni ya kunyolea. Ukibonyeza, povu linatoka tayari. Katika kila hatua mnunuzi alikuwa akiuziwa wakati, na bei ikapanda.

Kwetu bidhaa hizo zilianza kuonekana tena baada ya bajeti ya 1984 kuwaruhusu watu kuingiza mali kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na zaidi baada ya Rais Mwinyi kushika madaraka mwaka 1985. Nami, mara nilipopata mshahara wa kuniwezesha, nililiacha kombe la bati nikanunua kopo. Nakiri kwamba lilinipa fahari.

Mwaka 1996 mjomba alilazwa. Binti yake, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka 11, alikuwa njiani kutoka Muscat, na mzee hakutaka akutwe na ndevu za wiki tatu. Nilikwenda na kopo langu nikiwa najivuna. Povu lilijaa mashavuni kama pamba, nikaanza kunyoa bila kungoja. Ngozi yake ilikuwa imekonda kama karatasi. Povu likakauka kabla sijafika kidevuni, wembe ukakwama, damu ikatoka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Huo ni upepo, mwanangu. Niletee maji ya moto."

Nilirudi nyumbani kwake nikakichukua kikombe, brashi na mkebe. Safari hii nilimfunika kwa kitambaa, nikakaa naye kitako, na kwa kuwa yeye hakuwa na nguvu za kusimulia, nikamsimulia mimi ile dhoruba. Nikamnyoa taratibu, bila tone la damu. Binti yake alifika jioni, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwambia hajazeeka. Mzee aliishi siku tisa zaidi.

Hadi leo watu huniuliza krimu gani nzuri na ya bei nafuu. Ziko nyingi madukani, na zile za kukorogwa kwa brashi hudumu miezi kadhaa. Lakini mimi huwauliza kwanza kama wanayo maji ya moto, kitambaa safi na dakika tatu. Wengi hujibu kwamba vitu viwili vya mwanzo wanavyo.