Kuzuia Jeni Iliyopandikizwa Isizimwe

Jeni iliyoingizwa ndani ya seli kwa mkono wa binadamu inaweza kukaa mahali pake, herufi zake zote zikiwa kamili, na bado isifanye kazi yoyote. Seli huizima bila kuifuta. Tatizo hili lilianza kuwasumbua sana wahandisi wa jeni mwishoni mwa miaka ya 1980, na walioliona waziwazi kuliko wote walikuwa wakishughulika na maua.

Dalili zilikuwapo zamani. Mwaka 1930 Hermann Muller, aliyekuwa akiwapiga eksirei nzi wa matunda, alipata nzi wenye macho ya mabaka mekundu na meupe. Jeni ya rangi ilikuwa nzima. Ilikuwa imehamia tu karibu na sehemu ya kromosomu iliyofungwa kwa kubana, na katika baadhi ya seli ule mfungo ukaifunika. Kwa miongo mingi hilo lilibaki jambo la wataalamu wa nzi.

Mwaka 1987 Peter Meyer na wenzake wa Taasisi ya Max Planck mjini Köln, Ujerumani, walitoa jeni moja kwenye mahindi na kuitia katika petunia yenye maua yaliyopauka. Maua yakageuka rangi ya tofali. Kiangazi cha 1990 walipanda shambani zaidi ya miche 30,000 ya uzao huo, wakitafuta ile michache ambayo ingepoteza rangi kwa sababu jeni inayorukaruka imejichomeka ndani ya ile ya mahindi. Maua ya mwanzo wa msimu yalitoka mekundu kama ilivyotarajiwa. Baada ya siku za joto kali, mimea ileile ikaanza kutoa maua yaliyofifia, meupe na ya madoadoa, mengi kupita kiasi ambacho jeni zinazorukaruka zingeweza kueleza. Jeni ilipochunguzwa haikuwa na hitilafu. Kilichobadilika ni promota yake, kipande cha DNA kinachoamuru jeni isomwe: ilikuwa imebandikwa vikundi vya methili, alama za kikemikali zinazoizima.

Mwaka huohuo, huko California, Carolyn Napoli, Christine Lemieux na Richard Jorgensen walitangaza jambo la ajabu zaidi. Waliiongezea petunia ya zambarau nakala ya jeni yake yenyewe ya rangi ili ikolee. Badala yake, asilimia 42 ya mimea ilitoa maua meupe kabisa au yenye michoro ya weupe. Jeni ngeni ilikuwa imezimika pamoja na ya asili. Hapa promota haikuwa na hatia. Jeni ilisomwa, lakini RNA yake, ile nakala inayobeba ujumbe wa jeni, ikaharibiwa kabla ya kutengeneza protini. Maelezo yalikuja mwaka 1998, pale Andrew Fire na Craig Mello walipoonyesha kwa minyoo kwamba RNA ya nyuzi mbili ndiyo inayoanzisha uharibifu huo. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya 2006.

Kinga ya kwanza ilikuwa kupunguza nakala. Wahandisi walikuwa wakiamini kwamba jeni zikirundikwa nyingi, mazao nayo yatakuwa mengi. Mwaka 1998 David Garrick na wenzake walichukua panya wenye rundo la nakala mahali pamoja kwenye kromosomu, wakazikata hadi ikabaki moja. Ile moja ikafanya kazi zaidi kuliko rundo zima.

Kinga ya pili ilihusu jirani. Maabara ya Frank Grosveld jijini London ilionyesha mwaka 1987 kwamba jeni ya hemoglobini, ikisindikizwa na DNA inayoitawala, hufanya kazi ndani ya panya popote itakapoangukia. Mwaka 1993 kundi la Gary Felsenfeld, Marekani, lilitoa kwenye kromosomu ya kuku kipande cha herufi kama 1,200 kinachofanya kazi ya kihami: kikiwekwa pande zote mbili za jeni, huzuia mfungo wa jirani usiifikie. Wengine waliona ni heri kuchagua mtaa mzuri tangu mwanzo, kama ule uitwao Rosa26 kwa panya, uliopatikana mwaka 1991. Kuifikisha jeni huko ikawa rahisi zaidi baada ya CRISPR, mkasi wa kukata DNA, kuanza kutumika katika seli za wanyama mwaka 2013.

Uzito wa jeni kuzimwa ulionekana hospitalini. Mjini Frankfurt watu wazima wawili walitiwa jeni kwa kutumia virusi, ili kutibu ugonjwa wa kurithi unaozifanya seli nyeupe za damu zishindwe kuua bakteria na kuvu. Matokeo ya mwaka 2006 yalitia moyo. Ripoti ya mwaka 2010 ilieleza kwamba promota ya virusi ilibandikwa methili na jeni ya tiba ikazimika, huku kipande kingine cha virusi hivyohivyo kikiendelea kuamsha jeni za jirani na kuharibu uboho.

Kinga iliyochukua muda mrefu zaidi kueleweka ni introni, vile vipande ndani ya jeni ambavyo hukatwa na kutupwa kabla ya protini kutengenezwa. Wahandisi walikuwa wakiviondoa kwa kuviona mzigo. Mwaka 1988 Ralph Brinster na wenzake walionyesha kwamba jeni zilizoachiwa introni hutoa RNA mara 10 hadi 100 zaidi ndani ya panya, lakini sababu haikujulikana vizuri. Mwaka 2015 kundi la Paul Lehner, Cambridge, liligundua mkusanyiko wa protini uitwao HUSH unaozima jeni ngeni, na mwaka 2022 likaonyesha unazitambuaje: hulenga DNA ndefu inayosomwa bila introni, kwa kuwa ndivyo zilivyo jeni zinazojinakili kupitia RNA na kuvamia kromosomu. Jeni iliyosafishwa maabara ina sura hiyohiyo.

Kuzirudisha introni si kazi nyepesi pale jeni inapobebwa na virusi vya jamii ya retro, kwani hukatwa kwenye RNA ya virusi kabla haijafungashwa. Ndiyo maana katika tiba za magonjwa ya damu ya kurithi, jeni ya hemoglobini hupakiwa ndani ya virusi kinyumenyume, ili introni zake zisitambuliwe na kukatwa.