Kioo Kinaponyanyuka

Ndani ya Nikon F3 kuna kioo kidogo kilichokaa mshazari. Unapochungulia, kioo hicho ndicho kinacholeta jichoni kile kinachopita kwenye lenzi. Ukibonyeza kitufe, kioo kinanyanyuka, giza linaingia, na mwanga unaifikia filamu. Yaani kitambo unachokipiga picha ndicho usichokiona. Nimeitumia kamera hii miaka saba, na giza hilo dogo bado hunifanya nisite kabla ya kuiamini picha yoyote.

Nikon F ya kwanza ilitoka mwaka 1959, na F3 mwaka 1980. Mtindo wa kufungia lenzi ulibaki uleule, ndiyo maana lenzi ninayoipenda imeizidi umri kamera yenyewe. Ni nzito, na betri ikiisha bado ina kifyatulio cha mkono. Lakini filamu moja ni picha 36 tu. Hapa Tabora nasubiri filamu zitumwe kutoka Dar es Salaam, na huko ndiko ninakozirudisha kusafishwa. Hakuna kubonyeza ovyo.

Nimeileta kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili, kuhusu njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji. Jambo lililonishangaza ni kwamba picha maarufu za watu waliotembea njia hii hazikupigwa njiani. Zilipigwa Uingereza.

Mwaka 1871, hapa Unyanyembe, mfanyabiashara Mwarabu alimpa Stanley mtoto mtumwa aitwaye Ndugu M'hali. Stanley akambadilisha jina, akamwita Kalulu. Mwaka uliofuata mtoto huyo alipigwa picha studio London, amesimama na Stanley kama mbebaji wake. Mwaka 1877 alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo. Susi na Chuma nao, waliokuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa Livingstone, walipita Kwihara mwaka 1873 na kufika Bagamoyo Februari 1874. Walipigwa picha baadaye mwaka huohuo, Uingereza.

Sababu moja ni ya kiufundi. Kamera za wakati ule zilitumia vioo vizito, dawa na hema la giza, na mpigwa picha alitakiwa atulie tuli. Mpagazi wa Kinyamwezi alilipwa ili atembee, begani ana mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushee. Kamera yenyewe ingefika huku ikiwa mzigo wake.

Sababu ya pili haihusu vioo. Mpagazi alihesabiwa kama nguvu ya kubeba, na mzigo hauulizwi jina.

Leo wageni wengi wa Kwihara huipiga picha nyumba aliyokaa Livingstone. Nami nimeipiga, mara moja. Picha zilizobaki nimewawekea wazee ambao babu zao walikuwa wapagazi. F3 inanifaa kwa kazi hii kwa sababu ni ya polepole. Wakati nikipima mwanga na kulenga, tunazungumza. Kabla sijabonyeza namuuliza mzee angependa aandikweje, kisha naandika daftarini: namba ya picha, jina lake, jina la babu yake kama linakumbukwa.

Katika filamu ya kwanza, majina ya mababu yamepatikana kwa picha kumi na nne. Kwa nyingine nimeacha mstari mtupu, na wazee wawili wameahidi kuulizia kwa ndugu zao.